Je, wajua kwa nini watu 2,400 wanatosha kuwasemea Watanzania milioni 61?

Matokeo ya utafiti wa maoni yakitangazwa, kijiweni Manzese au ndani ya daladala ya Mbagala utasikia: "Mbona mimi sijaulizwa?" Ni swali la haki kabisa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, ilhali Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika unaoshirikiana hapa nchini na taasisi ya utafiti ya REPOA ya Dar es Salaam, huhoji watu wapatao 2,400 tu.

Siri haiko kwenye wingi wa waliohojiwa bali namna walivyopatikana. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10. Zilirudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena wakati wa mdororo mkali wa uchumi, hivyo maskini wengi hawakuwamo. Na waliojibu ni wale tu waliojisikia kujibu. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji wachache mno kuliko hao, alipatia.

Kwa hiyo mtafiti makini hasimami Kariakoo akamuuliza kila apitaye. Mama aliyeko nyumbani Chanika atampata wapi? Maeneo ya kuhesabia watu, yaleyale ya sensa, huchaguliwa kwa bahati nasibu, na yenye watu wengi hupewa nafasi kubwa zaidi. Kila eneo huhojiwa watu 8, mwanamume na mwanamke kwa zamu. Ndani ya kaya, wa kuhojiwa hupatikana kwa kura. Hili la mwisho wengi hulipuuza, nami naliona ndilo muhimu kuliko yote: anayefungua mlango mchana mara nyingi ni yule asiyekwenda kazini.

Ukichagua hivyo watu 1,200, matokeo kwa kawaida hupishana na ukweli kwa takriban asilimia 3 juu au chini. Kwa 2,400 ni kama 2. Kufikia 1 utahitaji karibu 9,600, yaani gharama mara nne, na hesabu hiyo haibadiliki sana nchi iwe na watu milioni 6 au milioni 60.

Inabaki hofu ya mhojiwa kusema anachofikiri, ambayo bahati nasibu haiiondoi. Mwishoni mwa mahojiano Afrobarometer humuuliza mtu anadhani nani amewatuma wadodosaji. Wanaotaja serikali, majibu yao kuhusu viongozi yanaweza kulinganishwa na ya wenzao, ionekane kama walijibu kwa tahadhari.