Betri ya laptopu haikai na chaji: tunayoambiana Mtwara na ukweli wake

Minada ya korosho ikianza Oktoba, makarani wa vyama vya msingi huanza kunipigia simu. "Fundi, nimeichaji usiku kucha, umeme umekatika, nayo imezima hapo hapo." Natengeneza kompyuta Chikongola, na kila msimu nasikia imani zile zile zinazowatia watu hasara.

"Laptopu mpya ichajiwe masaa nane kwanza, halafu kila siku uiache iishe kabisa." Ushauri huu ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli-kadimiamu. Laptopu za leo zina betri ya lithiamu-ioni, aina ambayo Sony iliingiza sokoni mwaka 1991, na hii haidai hayo. Kuikausha mpaka sifuri kila siku ndiko kunakoichosha mapema. Ikifika asilimia 20 au 30, chomeka.

"Ukiiacha kwenye umeme inajaa kupita kiasi." Haijai kupita kiasi, kwa sababu ndani yake kuna saketi inayokata chaji ikishatosha. Ila anayesema hivyo ana nusu ya ukweli: betri inayoshinda kwenye asilimia 100 huchakaa haraka, hasa ikiwa na joto. Na joto ndilo linaloua betri nyingi huku kwetu pwani, kuliko chaja, kuliko kukatika kwa umeme. Laptopu inaachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Mikindani. Au inawekwa juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa, na mtu anaangalia filamu huku inachaji. Iweke juu ya meza au hata ubao. Kama ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe leo.

"Iweke kwenye friji, itafufuka." Usijaribu. Ikitoka humo inatokwa jasho, na maji hayo yanaingia kwenye saketi.

"Haikai na chaji, basi betri imekufa." Pima kwanza, jamani! Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo iliotoka nao kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo inaoweza kubeba sasa. Wa pili ukiwa chini ya nusu ya wa kwanza, betri imechoka kweli. Karani mmoja wa Tandahimba alikuja na pesa ya betri mkononi. Ripoti ikaonyesha yake bado ina zaidi ya asilimia 90. Tatizo lilikuwa chaja ya kuazima ya wati 45 kwenye laptopu inayotaka 65. Akifanya kazi, chaji haipandi. Alinunua chaja.

Ikizima ghafla wakati bado inaonyesha asilimia 30, huenda kipimo ndicho kinachodanganya. Ijaze kabisa, itumie hadi izime yenyewe, ijaze tena. Mara moja tu inatosha. Hapo umenyoosha kipimo. Uwezo uliopotea haurudi, hata ukirudia mara kumi.

La mwisho linanitia hofu. Betri imevimba, sehemu ya kugusa inayotumika kama kipanya imeinuka, na mtu anaitoboa kwa sindano "itoe gesi". Inaweza kuwaka mkononi. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umwite fundi. Wala usiitupe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba.

Ukinunua nyingine, nenda na ya zamani ulinganishe namba ya modeli na volti. Hata iliyofungwa kwenye boksi huzeeka ikikaa dukani miaka, kwa hiyo omba ifungwe kwenye laptopu yako na uendeshe amri ile ile kabla hujalipa.