Steringi hafi, na taharuki ipo

Kuna kauli isiyokosa Nairobi kila filamu ya kijasusi ya zamani inapotajwa: "Hiyo haina taharuki bana, si unajua tu steringi hafi?" Steringi ni yule mhusika mkuu, na anayeitoa kauli hiyo huitoa kwa sauti ya kufunga mjadala. Dakika mbili baadaye utamsikia akiisifia muvi ya juzi ambayo magari matano yamelipuka na daraja limeporomoka kabla jina la mwongozaji halijapita kwenye skrini, eti hiyo sasa ndiyo taharuki. Hayo ni makosa mawili, na mama yao ni mmoja.

Fasili tuipitie haraka, maana siyo inayonisumbua. Taharuki ni mbinu ya kuiweka hadhira roho juu, ikingoja jambo ambalo imeshadokezewa kwamba huenda likatokea. Kila aliyesoma fasihi ya sekondari ameikariri pamoja na sadfa, kinaya na kisengerenyuma, akaitapika kwenye Karatasi ya Tatu ya KCSE, na wengi wakaiacha hukohuko kwenye chumba cha mtihani. Shikilia hilo neno "imeshadokezewa". Hadhira isiyojua lolote haina inachokingoja.

Magazeti nayo yametuchanganya kidogo. "Taharuki yatanda," kichwa cha habari kitasema, simba akionekana akizurura Lang'ata au mtungi wa gesi ukilipuka kwenye ploti. Hapo maana ni hofu na mkanganyiko wa watu, na katika lugha ya kila siku matumizi hayo hayana kasoro. Ila ukiyabeba mzimamzima ukayapeleka kwenye filamu, utaanza kuamini kwamba kila kinachowarusha watu kwenye viti ni taharuki. Kinachowarusha watu kwenye viti ni mshtuko, na mshtuko ni mnyama mwingine kabisa. Hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa.

Aliyezitenganisha taharuki na mshtuko vizuri kuliko wote ni Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa akitengeneza filamu za kijasusi tangu miaka ya 1930. Mwaka 1962 alikaa siku kadhaa akihojiwa na mwongozaji mwenzake kutoka Ufaransa, François Truffaut, na katika mazungumzo hayo akatoa mfano ambao umenukuliwa mpaka umechakaa, lakini bado haujapata mshindani. Watu wawili wameketi mezani wakiongea mambo ya kawaida. Chini ya meza kuna bomu, nasi hatujui. Ghafla linalipuka. Tumepewa sekunde kumi na tano za mshtuko. Sasa rudia. Watu walewale, meza ileile, ila safari hii tumemwona mtu akilitega bomu, tunajua litalipuka saa saba, na ukutani kuna saa inayoonyesha saa saba kasorobo. Mazungumzo yale ya kupitisha muda hayavumiliki tena. Unataka kuwaambia waache porojo, waangalie chini ya meza. Dakika kumi na tano za taharuki, na bomu ni lilelile.

Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: kile ambacho watazamaji wameambiwa. Baruti haikuongezwa.

Waliokulia mitaani wakilipa shilingi chache kuingia kibanda cha video wanalijua jambo hili hata kama hawakuwahi kulipatia jina. Chumba kizima kinamfokea steringi: "Geuka! Yuko nyuma yako!" "Wacha kunywa hiyo!" Anayefoka ni mtu anayejua. Hakuna aliyewahi kumwonya mhusika kuhusu bomu ambalo yeye mwenyewe hajaonyeshwa. Na wale madijei wanaozitafsiri muvi kwa Kiswahili, Sheng au Gĩkũyũ, ambao wasomi hupenda kuwacheka, huifanya kazi hiyohiyo wakiwa na maikrofoni. Dijei akikunong'oneza kwamba huyu jamaa hajui mwenyeji wake ameshamjua, ameingiza taharuki hata mahali ambapo mwongozaji alisahau kuiweka. Kuna wahakiki wenye digrii wasioielewa mbinu hii kama wanavyoielewa wao.

Yupo ndugu wa tatu anayechanganywa humu, naye ni fumbo. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, anaanza kazi mtu akiwa ameshakufa. Swali linaangalia nyuma: nani alifanya, na kwa nini? Msomaji wa fumbo ananyimwa habari makusudi, na raha yake iko kwenye kufumbua. Filamu ya kijasusi mara nyingi hufanya kinyume. Inakufungulia pazia mapema, inakuonyesha nani ni msaliti, kisha inakuacha uteseke nayo. Ndiyo maana mtu anayeogopa kuambiwa mwisho wa hadithi namwelewa akiwa anasoma Bwana Msa, lakini kwa filamu ya kijasusi iliyotengenezwa vizuri namwona anajihangaisha bure.

Na hapa tunafika kwenye kinachozifanya hizo filamu za zamani zifurahishe. Mwanajeshi akiona hatari hupiga risasi. Mchunga ng'ombe wa filamu za Marekani hupanda farasi akatoweka. Jasusi hana nafasi hiyo. Kazi yake ni kubaki pale, akitabasamu, akipokea kinywaji kutoka kwa mtu ambaye akimgundua atamuua. Silaha yake ni adabu za mezani. Kwa hiyo kitu chochote cha kawaida, kikombe, ufunguo, saini kwenye kitabu cha wageni, kinaweza kuwa bomu chini ya meza, mradi tu tumeonyeshwa kwa nini ni hatari.

Chukua *Notorious*, ya Hitchcock huyohuyo, ya mwaka 1946. Ingrid Bergman ni mwanamke aliyetumwa na Wamarekani kwenda Rio de Janeiro kuingia katika nyumba ya mtu wa kundi la Wanazi. Anaingia kweli, mpaka kwa ndoa. Kuna stoo ya divai chini ya nyumba, imefungwa, na mume ndiye mwenye ufunguo. Mke anauiba kabla ya sherehe kubwa. Kamera inaanzia juu kabisa, unaona ukumbi wote, wageni, taa, mavazi, halafu inashuka, inashuka, hadi kwenye kiganja chake kilichofumbwa, na ndani ya kiganja ule ufunguo. Hajasema neno. Tunachojua sasa hakuna mgeni mwingine anayekijua, isipokuwa Cary Grant, jasusi mwenzake anayekuja kuupokea.

Halafu mwongozaji anafanya jambo la uchokozi mtupu: anatuonyesha chupa za shampeni kwenye barafu, zinavyopungua. Zikiisha, mume atashuka stooni kuleta nyingine, naye Grant atakuwa bado yumo. Kuanzia hapo kila mgeni anayeongezewa glasi anakuudhi. Unamwangalia mtu asiye na hatia, amekuja karamuni kunywa, nawe unatamani aseme ametosheka. Niambie ni filamu gani ya magari yanayolipuka iliyowahi kukufanya umchukie mgeni kwa sababu ya kiu yake.

Ndani ya baadhi ya zile chupa za stooni kuna mchanga wenye madini ya uraniamu. Jambo hilo halina uzito wowote. Ungekuwa unga wa ugali, tungesubiri vilevile.

Mwisho wake ndio unaonifanya niitetee filamu hii kila mahali. Mume amegundua, naye na mama yake wanamtilia mke sumu kwenye kahawa, kidogo kidogo. Grant anaingia, anamshika mgonjwa mkono, wanashuka ngazi. Chini wamesimama wale wenzake mume. Mume hawezi kupiga kelele, kwa sababu wakijua kwamba ameoa jasusi wa Marekani watamuua yeye kwanza. Watu wanne wanashuka ngazi polepole, kila mmoja akijua, na hakuna anayeweza kusema. Hicho ndicho kilele. Ngazi.

Sasa lile la steringi hafi. Hoja yenyewe inadai kwamba ukishajua mwisho, taharuki imekufa. Basi tuijaribu kwa filamu ambayo mwisho wake uliujua kabla ya kuingia. *The Day of the Jackal*, ya Fred Zinnemann, ilitoka mwaka 1973. Inahusu muuaji wa kukodiwa anayetaka kumpiga risasi Rais Charles de Gaulle mwezi Agosti 1963. De Gaulle alikufa Novemba 1970, nyumbani kwake, bila risasi. Kila aliyenunua tiketi mwaka ule alikuwa ameshasikia habari hiyo. Aliyewindwa alikuwa salama tangu mwanzo, na salama kwa ushahidi wa historia, siyo kwa hisani ya mwandishi wa filamu.

Lakini tumeoneshwa ile bunduki ikitengenezwa, nyembamba, ya kukunjuka vipande vipande. Tumeoneshwa ikijaribiwa porini kwenye tikiti maji lililoning'inizwa mtini. Siku ya maadhimisho ambako Rais atakuwepo, muuaji, amejigeuza mzee mlemavu wa mguu mmoja, kifua kimejaa medali za vita, anamwomba polisi ampishe avuke kizuizi aende nyumbani kwake. Polisi anamhurumia. Sisi tunaliangalia gongo lake, maana bunduki imefichwa humo. Historia yote uliyosoma haikusaidii kitu dakika hiyo, kwa sababu swali limeacha kuwa "je, atakufa?" Limekuwa "je, huyu polisi ataliangalia gongo?" Taharuki huishi kwenye swali dogo la sasa hivi. Swali kubwa la mwisho linaweza kuwa limejibiwa zamani.

Ningeenda mbali zaidi: kutokufa kwa steringi ndiko kunakotupa ruhusa ya kuifurahia hofu. Hitchcock alijifunza hilo kwa uchungu. Katika *Sabotage* ya mwaka 1936, mvulana anatumwa kupeleka kifurushi upande wa pili wa London. Ndani kuna bomu la kulipuka saa saba na dakika arobaini na tano. Yeye hajui, sisi tunajua. Anacheleweshwa na mchuuzi wa njiani, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi, saa zinaonyeshwa moja baada ya nyingine. Kanuni zote za taharuki zimefuatwa. Kisha bomu linalipuka, na mtoto anakufa. Watazamaji walikasirika, na mwenyewe baadaye alikiri kwamba alikosea. Walikuwa wamebanwa muda wote ule kwa imani kwamba watafunguliwa. Hawakufunguliwa.

Filamu za James Bond zililielewa hilo kupita kiasi, mpaka zikaanza kulifanyia utani. Katika *Goldfinger* ya mwaka 1964, Bond ameachwa na bomu ndani ya Fort Knox, tarakimu zinashuka, naye anavuta nyaya asizozielewa. Anakuja mtaalamu, ananyoosha mkono, anabonyeza swichi. Tarakimu zimesimama kwenye 007. Ukumbi mzima unacheka, kwa sababu waliotengeneza filamu na walioitazama walikuwa na mapatano: wote wanajua hafi, na wote wamekubali kusumbuka. Mtu anayekatiza kicheko hicho kusema "lakini nilijua hafi" hajagundua siri yoyote. Amesoma mapatano kwa sauti.

(Kicheko hicho, bila shaka, kinahitaji watu wengi gizani. Zile kumbi kubwa za katikati ya jiji zimepungua, na Odeon leo wengi wanaijua kama stegi ya matatu. Kutazama peke yako kwenye simu kunaipunguza taharuki kuliko kujua mwisho.)

Hivyo basi, ndugu yangu wa magari matano, muvi yako sina ugomvi nayo. Imekushtua mara tano, na kushtuka kuna raha yake. Iite ya vurumai, iite ya mshtuko, hayo si matusi. Na wewe wa kidato cha nne, ukiambiwa uthibitishe matumizi ya taharuki, usinukuu pale mhusika anapouawa. Rudi nyuma kurasa chache, hadi pale ambapo wewe umeshakiona kisu na yeye bado anakaribishwa chai. Ndiyo nukuu ya kuandika.