Akina Marx hawakubuni kila kichekesho papo hapo

Wengi wakitazama filamu za akina Marx, yaani ndugu wachekeshaji wa Marekani Groucho, Harpo na Chico, huamini vituko vile vilizuka tu kamera ikiwa imewashwa. Sivyo. Kabla ya filamu, ndugu hawa walizunguka Marekani miaka mingi na vodevili, maonyesho ya jukwaani yaliyochanganya nyimbo, ngoma, sarakasi na vichekesho kwa tiketi moja. Huko mzaha usiochekesha haukudumu.

Filamu yao "The Cocoanuts" ya 1929 ilitokana na mchezo waliokwisha kuucheza Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York. Walipokuwa wakiirekodi mchana, usiku walipanda jukwaani na mchezo mwingine, "Animal Crackers", nao ukawa filamu mwaka 1930.

Ila mfano unaomaliza ubishi, kwa maoni yangu, ni "A Night at the Opera" ya 1935. Irving Thalberg, mtayarishaji wa filamu wa studio ya MGM, aliwapeleka kwanza kwenye kumbi za miji ya magharibi, wakaigiza sehemu za filamu hiyo mbele ya watu. Waandishi walifuatana nao wakisikiliza: hapa ukumbi umeangua kicheko, pale kimya. Mistari ikakatwa, mingine ikaandikwa upya, na muda wa kicheko ukapimwa ili maneno yanayofuata yasimezwe na kelele.

Kweli, Groucho alipenda kuchomekea maneno yake, hasa jukwaani, jambo lililomkera George S. Kaufman, mmoja wa waandishi wao.