Maiki za dramu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Dramu nzito zinataka maiki kwenye kila kipande.

Ukweli: Mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi sauti Mwingereza Glyn Johns alirekodi dramu za bendi ya roki Led Zeppelin kwa maiki chache tu. Mpangilio wake bado unatumika: maiki moja juu ya sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), ya pili ubavuni upande wa tomu kubwa (dramu nene inayosimama sakafuni), nyingine mbele ya dramu ya besi. Zile mbili za kwanza hukaa umbali sawa na sneya, kama mita moja. Mimi hutumia uzi: ncha moja naibana katikati ya ngozi ya sneya, nyingine naipeleka maiki hadi maiki.

Kwa nini nihangaike na uzi? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita 34 ni milisekunde moja. Weka maiki sentimita 5 kutoka kwenye sneya na nyingine sentimita 90 juu yake. Ya juu itachelewa milisekunde 2.5, ambazo ni nusu ya wimbi la hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), na unene wa sneya uko karibu kabisa na hapo. Kila maiki peke yake inapendeza. Zichanganye, mawimbi yanafutana hapo, sneya inakonda, inalia kama kopo. Inaniuma kuona mtu akihangaika na ikwalaiza (vitufe vya kuongeza na kupunguza besi na sauti kali) saa nzima wakati kusogeza stendi kungetosha.

Dhana: Kitufe cha polariti kinatibu hayo yote.

Ukweli: Kinapindua wimbi tu, kuchelewa kunabaki. Mahali pake hasa ni maiki ya chini ya sneya: fimbo ikipiga, ngozi ya juu inaikimbia maiki yake huku ya chini ikiisogelea yake, hivyo mawimbi yao yanapingana.

Dhana: Maiki za juu, zile zinazokaa juu ya seti, ni za matoazi.

Ukweli: Zinasikia seti nzima. Anza nazo peke yake, zikikaa vizuri ndipo uongeze za karibu.

Dhana: Maiki ya gharama inaficha chumba kibaya.

Ukweli: Inakinasa vizuri zaidi. Dari ikiwa chini, mwangwi wa matoazi unarudi moja kwa moja kwenye maiki za juu. Hapo shusha maiki, au funga blanketi nene darini kabla hujagusa kitufe chochote.