Alaimenti haiponyi gari bovu: ufafanuzi kutoka kwa wakaguzi wa magari

Tangu masika yaishe, magari tunayopokea kwenye ukaguzi yana kilio kimoja. Gari linavuta kushoto, tairi za mbele zimelika kingo, na dereva anashuka na risiti mkononi: "Afande, alaimenti nimefanya juzi tu." Hatumwoni mwongo. Amefanya kweli, na hela ametoa. Gari bado bovu. Maelezo haya ni kwa ajili yake, na kwa wanaosema vijiweni kwamba wakaguzi siku hizi tunatafuta makosa yasiyoonekana.

Alaimenti ni kupima na kurekebisha mkao wa tairi. Tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani) ikiwa na mchezo, bolijointi (kiungo cha duara kinachobeba tairi) ikiwa imelegea au bushi (mipira ya viungo vya chini) zimekatika, mashine inaweza kuonyesha kijani kitupu, yaani kila kitu sawa, na vipimo vikahama kabla hujavuka tuta la tatu. Kwa hiyo kazi huanza na upepo wa tairi, kisha gari linapigwa jeki, kila tairi linatikiswa kwa mkono, na kinachocheza kinabadilishwa. Hapo ndipo vipimo vinafuata: kasta, yaani mwinamo unaourudisha usukani wenyewe ukitoka kwenye kona, kemba, yaani tairi kuegemea ndani au nje kwa juu, na mwisho tou, yaani tairi mbili kubanana kwa mbele au kutanuka kama miguu ya bata. Tou inakuwa ya mwisho kwa sababu ukigusa kemba, nayo inahama. Usukani ufungwe katikati kabla nati za tairodi hazijalegezwa, vinginevyo utarudishiwa gari linalokwenda sawa huku usukani umekaa upande.

Kwenye magari madogo mengi, Toyota Vitz na IST zikiwemo, kinachorekebishika kwa muundo wa kiwandani ni tou ya mbele tu. Kemba ikisoma vibaya baada ya kuingia shimoni, kuna kitu kimepinda. Kitafutwe na kibadilishwe. Kupasha chuma moto kwa gesi na kukikunja ni kuharibu uimara wake, na tukiona alama za moto kwenye mfumo wa usukani hatuna mjadala.

Kisha kuna hili la kunyanyua gari. Tunaelewa barabara za mitaani zilivyo. Lakini mtu anaweka spesa, kipande cha kuinua gari, juu ya shokapu, anaongeza rimu, halafu anashangaa tairi jipya kuisha upande mmoja ndani ya miezi michache! Ukilinyanyua, umebadilisha pembe zote; alaimenti inarudiwa siku hiyohiyo, na wakati mwingine haikubali kurudi kwenye kipimo. Hilo mkalifikirie kabla ya kununua spesa.

Njia ya kujua tatizo mwenyewe ni kupitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara. Likiteleza ukienda upande mmoja na kukwaruza kama msumeno ukirudi, tou imehama. Likiwa limelika ukingo mmoja bila ukali, shuku kemba. Kulika katikati au kingo zote mbili ni upepo. Usukani kutetemeka kwenye mwendo wa 80 au 100 kwa kawaida ni balansi, yaani uzito wa tairi na rimu kutolingana pande zote, si alaimenti. Kuvuta kidogo kushoto pia si lazima iwe ubovu, kwani barabara zetu zimeinamishwa zimwage maji mtaroni. Badilisha tairi za mbele, la kulia liende kushoto. Gari likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi.

Kwenye kituo chenye mashine, gari hupitishwa taratibu juu ya bamba linalopima tairi linavyoteleza kando. Japani, zinakotoka nyingi za gari hizi zikiwa zimetumika, kikomo ni milimita 5 kwa kila mita. Inaonekana ndogo. Ni mita 5 kwa kila kilomita, maana yake kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma umeliburuza tairi kando zaidi ya kilomita mbili.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa ndilo swali la kwanza kila siku. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu barabarani, na kosa likiandikwa kwa taarifa ya papo kwa hapo faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Tairi kipara na usukani wenye mchezo ni makosa mawili. Askari huingiza namba ya gari kwenye mashine ya mkononi na wewe unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Unalipa kwa simu au benki, humkabidhi askari fedha taslimu, na unatunza risiti. Usipokubali kosa, una haki ya kupelekwa mahakamani. Deni husomeka kwenye namba ya gari, hivyo anayenunua gari aangalie kwanza. Ubovu ukiwa wa kuhatarisha maisha, gari linazuiwa na namba zinaweza kung'olewa hadi likaguliwe upya.

Wanaouliza kama fundi wa uzi na futi anakubalika: kwa tou, akipima mbele na nyuma ya tairi kwenye usawa wa kitovu chake, anaweza kupata kipimo kizuri. Kasta hataiona kwa uzi. Sisi tunakagua gari, hatukagui gereji. Ila ukienda kwenye mashine, dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Risiti ya malipo peke yake haituonyeshi kitu, na huyo wa "nimefanya juzi" angekuwa na karatasi hiyo ya vipimo, tungejua palepale kama fundi aligusa chochote.