Diski na mtandao wa Linux ndani ya z/VM: dhana potofu na ukweli wake

Fundi wa mifumo hapa Nairobi ambaye amekuzwa na VMware au KVM, siku akikabidhiwa Linux inayoendeshwa kwenye meinfremu, yaani kompyuta kubwa ya IBM, kwanza hupumua kwa nafuu: ssh ni ile ile, systemd ni ile ile, na ext4 haijabadilika. Nafuu hiyo ni ya haki, kwa kuwa IBM ilitoa marekebisho ya keneli kwa ajili ya meinfremu zake za S/390 mwishoni mwa mwaka 1999, na tangu hapo Linux ya huku imekwenda sambamba na ya kwingineko. Kilicho tofauti ni mahali diski na kadi ya mtandao zinakotoka. Mashine pepe za z/VM, mfumo unaoigawa meinfremu moja kuwa mashine pepe nyingi na ambao ukoo wake unafika VM/370 ya mwaka 1972, hugawiwa vifaa na CP, yaani kiini cha z/VM, kisha Linux nayo inatakiwa ivipokee kwa hatua zake yenyewe. Karibu kila dhana potofu ninayokutana nayo kazini inatokana na kudhani kwamba upande mmoja ukishafanya kazi, wa pili utajua.

Dhana: 3390 ni diski kuukuu ambayo mtu anaweza kuisahau.

Ni kweli kwamba 3390 ilikuwa diski ya chuma iliyotangazwa mwaka 1989, na ni kweli pia kwamba hakuna anayeinunua leo. Hata hivyo vipimo vyake vingali hai, kwa sababu mitambo ya kuhifadhi data ya sasa, kama DS8000, huiga umbo lake, na z/VM huhesabu nafasi kwa silinda. Silinda moja ina traki 15. Traki moja hubeba baiti 56,664 kwa kiwango cha juu kabisa, na hapo ndipo hesabu za bajeti zinapoharibika. Diski ya 3390 ya aina ya 3, yenye silinda 3,339, huandikwa kwenye makaratasi kuwa ni ya gigabaiti 2.84, lakini Linux huigawa katika vipande vya baiti 4,096, navyo huingia 12 tu kwa kila traki. Kinachobaki mkononi ni takriban gigabaiti 2.46. Anayeumbiza kwa vipande vya baiti 512 hupoteza zaidi: vipande 49 kwa traki, yaani baiti 25,088 badala ya 49,152. Ndiyo maana dasdfmt, programu ya Linux ya kuumbiza diski hizi, hupewa `-b 4096`, na sijapata kuona sababu ya maana ya kwenda kinyume.

Dhana: mstari wa MDISK ukishaandikwa, diski ipo.

Hapa inafaa tukae kidogo. Chukua mstari huu kutoka katika daftari la watumiaji la z/VM:

`MDISK 0201 3390 0001 3338 LX0201 MR`

Maana yake ni kwamba mashine pepe itakuwa na diski ndogo kwenye anwani 0201, iliyokatwa kutoka katika diski yenye lebo LX0201, kuanzia silinda ya 1, kwa urefu wa silinda 3,338. Mstari huo, ukiwa bado ndani ya faili, haufanyi chochote. Lazima daftari liwekwe kazini kwa amri ya DIRECTXA, au kwa DirMaint, programu ya kusimamia daftari, pale inapotumika. Hata baada ya hapo, mashine ambayo tayari iko hewani haitaiona diski mpya mpaka itoke na kuingia tena, au mpaka itolewe amri ya LINK. Ikishaunganishwa, Linux huiona kama kifaa 0.0.0201 ambacho bado kimezimwa. Huwashwa kwa `chccwdev -e 0.0.0201`, huumbizwa kwa dasdfmt, hugawanywa kwa fdasd, ambayo hutoa sehemu zisizozidi tatu, na ndipo mfumo wa faili uwekwe.

Wengi huishia hapo wakaenda nyumbani. Tatizo ni kwamba chccwdev huwasha kifaa kwa wakati huo tu. Mashine ikiwashwa upya, diski inarudi kulala, na kama imeandikwa katika fstab, Linux husimama njiani ikiisubiri. Amri ya `chzdev -e` ndiyo inayoandika pande zote mbili, ya sasa na ya kudumu. Na kama diski hiyo imeongezwa kwenye kundi la LVM (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa nafasi moja) linalobeba mfumo mkuu wa faili, basi initramfs, yaani mfumo mdogo wa faili wa kuanzia, nayo lazima ijengwe upya na zipl, programu inayoandaa diski ya kuwashia, iendeshwe, kwa sababu zipl huweka kumbukumbu ya mahali keneli na initramfs zilipo kwenye diski, wala haisomi faili ya usanidi wakati wa kuwaka. Anayetoka kwenye GRUB, kiwashio cha Linux cha kompyuta za kawaida, hili humkera, na simlaumu.

Dhana: silinda ya kwanza ni silinda kama nyingine.

Mstari ule hapo juu ulianza kwenye silinda ya 1, na si kwa bahati. Silinda 0 ndiyo yenye lebo ambayo z/VM huitumia kuitambua diski nzima inapowaka. Msimamizi anayetaka kumpa mtu diski yote huandika kuanzia 0, na kiufundi inakubalika. Kisha mtu wa Linux huiumbiza kwa dasdfmt bila kutaja lebo, na programu hiyo, kwa hulka yake, huandika lebo iliyotungwa kutokana na anwani ya kifaa: 0X0201. Siku hiyo hakuna kinachoharibika. Mashine inafanya kazi, data inaandikwa, na huenda ikapita hata miezi mingi bila mtu kushtuka. Kisha siku z/VM yenyewe inapowashwa upya, pengine umeme umekatika na jenereta imechelewa, inatafuta LX0201 kwenye orodha yake, haioni, na mashine pepe inaingia bila diski yake. Data iko salama kabisa, ila haipatikani kwa jina lake. Kinga yake ni `dasdfmt -l LX0201`, au kuiacha silinda 0 kwa z/VM, jambo ambalo mimi hulipendelea kwa sababu halimtegemei mtu kukumbuka.

Ndugu wa dhana hiyo ni imani kwamba z/VM itakukataza kukata diski mbili ndogo zinazopandana. DIRECTXA haikagui jambo hilo. Ukikosea silinda moja, mkia wa diski ya mashine A unakuwa kichwa cha diski ya mashine B, na kila mmoja anaandika kwa imani njema. DirMaint huzuia kosa hili inapoachiwa igawe nafasi yenyewe. Anayehariri daftari kwa mkono anapaswa kuendesha DISKMAP na kuisoma ripoti yake, inayoonyesha mapengo na mapandano, kabla ya DIRECTXA.

Dhana: herufi MW huruhusu mashine mbili kushirikiana diski.

Huruhusu, kama vile mlango usio na komeo unavyoruhusu. Herufi za mwisho katika LINK na MDISK husema nani anaweza kuandika: MR hutoa haki ya kuandika iwapo hakuna mwingine aliyekwisha kuipata, na vinginevyo hutoa ya kusoma tu, MW hutoa ya kuandika bila kujali. z/VM haijui ext4 wala XFS ni nini. Kila Linux hushika ramani ya mfumo wa faili katika kumbukumbu yake, na mbili zikiandika diski moja kwa wakati mmoja huiharibu bila ujumbe wowote wa kosa mpaka siku ya kusoma. Mfumo wa faili uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, kama vile GPFS, ni habari nyingine. Kwa upande wa pili, MR nayo huwashangaza watu: mashine inaingia, kila kitu kinaonekana sawa, ila haiwezi kuandika. Tazama `lsdasd`, ukiona `active(ro)`, kuna mashine nyingine iliyoitangulia kuishika diski hiyo.

Kuhusu majina, /dev/dasda hupewa diski iliyowashwa kwanza, basi. Ongeza diski nyingine na mpangilio waweza kusogea. Tumia /dev/disk/by-path/ccw-0.0.0201-part1 au UUID.

Dhana: diski za FCP ni zile zile kwa waya tofauti.

Sivyo, na tofauti inagusa kazi ya kila siku. Kwa diski za ECKD, yaani za umbo la 3390, njia mbadala za kuifikia diski hushughulikiwa na meinfremu yenyewe chini ya Linux, hivyo kebo moja ikikatika Linux haihitaji kujua. Kwa diski za SCSI zinazofikiwa kwa FCP, itifaki ya mtandao wa hifadhi, njia mbili zisipopangwa kwa multipathd ndani ya Linux, kukatika kwa njia moja ni kukatika kwa diski. Diski hizo haziumbizwi kwa dasdfmt, wala hazihesabiwi kwa silinda. Yule wa upande wa hifadhi ataomba WWPN, yaani anwani ya kadi kwenye mtandao wa hifadhi, na kama NPIV, inayoipa kila mashine pepe anwani yake, haijawashwa, mashine pepe zote zinazotumia kadi moja zitaonekana kwake kama mtu mmoja, yaani zitaweza kuonana diski.

Diski pepe ya VDISK, ambayo watu huipenda kwa ajili ya swapu, nayo hukaa katika kumbukumbu ya z/VM na hufutika mashine inapotoka. Kwa hiyo mkswap, yaani kuiandaa kwa swapu, inahitajika kila mashine inapoingia upya, na mara nyingi hufanywa na PROFILE EXEC, hati inayoendeshwa mashine inapoingia, kabla Linux haijawaka.

Dhana: swichi pepe ni mashine inayopitisha data.

Kabla ya VSWITCH, yaani swichi pepe, kuja na z/VM 4.4 mwaka 2003, mashine pepe nyingi zilitoka nje kupitia mashine nyingine iliyofanya kazi ya ruta, na kila pakiti ililipiwa kwa muda wa prosesa. Kumbukumbu hiyo imewafanya wengine waamini kwamba mashine pepe za DTCVSW1 na DTCVSW2 ndizo zinazobeba pakiti. Hizo ni vidhibiti tu: huifungua kadi ya OSA, yaani kadi halisi ya mtandao ya meinfremu, na kuisimamia, lakini data hupita kati ya CP na OSA bila kuzigusa. Zikizimwa zote, mashine za ndani huendelea kuongea zenyewe kwa zenyewe. Kinachopotea ni njia ya nje. Ndiyo sababu hazipaswi kuzimwa na mtu anayesafisha mashine asizozitambua.

Kadi ya mtandao ya mgeni, yaani ya mashine pepe, huandikwa katika daftari:

`NICDEF 0600 TYPE QDIO LAN SYSTEM VSW1`

Anwani ni moja lakini vifaa ni vitatu, 0600, 0601 na 0602: cha kusomea, cha kuandikia na cha data. Anayekipa kifaa kingine anwani 0601 anagonganisha. Halafu kadi kuwepo si kibali cha kuitumia. Bila `SET VSWITCH VSW1 GRANT LNX01`, muunganisho hukataliwa, na fundi wa Linux hutumia asubuhi nzima kukagua anwani za IP wakati kosa liko upande wa pili kabisa. Katika matoleo ya karibuni kibali hicho chaweza kutolewa na mstari wa NICDEF wenyewe.

Tabaka nalo lina dhana yake. Swichi iliyofafanuliwa kwa neno ETHERNET hufanya kazi katika tabaka la 2, na kila mgeni ana anwani yake ya MAC iliyogawiwa na z/VM. Iliyofafanuliwa kwa IP hufanya kazi katika tabaka la 3, hubeba pakiti za IP tu, na OSA ndiyo inayojibu maswali ya ARP. Linux lazima ikubaliane na swichi: keneli za karibuni huiuliza z/VM zenyewe, lakini za zamani hutaka layer2 iwekwe 1 kabla kifaa hakijawashwa, kwani baada ya hapo mabadiliko hukataliwa. Kadi mbili au tatu za OSA zilizotajwa kwenye RDEV, orodha ya kadi halisi za swichi, haziongezi kasi. Moja hufanya kazi na nyingine husubiri ya kwanza ianguke. Anayetaka zitumike pamoja apange kundi la LACP, yaani kadi kadhaa zinazofanya kazi kama moja, linalowezekana tangu z/VM 5.3, na azungumze na mwenye swichi halisi ukutani.

Dhana yenye hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba ukuta wa moto wa jengo unaona kila kitu. Wageni wawili wa swichi pepe moja, walio kwenye mtandao mmoja, huongea ndani ya kumbukumbu. Pakiti zao hazifiki hata kwenye OSA, sembuse kwenye ukuta wa moto. Mkaguzi anayeomba rekodi za mawasiliano kati ya seva ya hifadhidata na seva ya programu atapewa karatasi tupu. `SET VSWITCH VSW1 ISOLATION ON` huwazuia wageni kuongea moja kwa moja kupitia swichi hiyo, nayo, kama DEFINE VSWITCH na GRANT zinazotolewa kwa mkono, hudumu hadi z/VM iwashwe upya tu, isipokuwa pia iandikwe katika SYSTEM CONFIG, faili ya usanidi ya z/VM.