Mboji ni ile iliyokwisha kuvunda

Kuanzia Bagamoyo mpaka Tanga, siku hizi kiroba chochote cha kinyesi cha ng'ombe kinachouzwa kando ya barabara kinaitwa mboji. Mtu ananunua viroba vitatu, anavimwaga kwenye tuta la kichanga, anapanda miche ya nyanya na hoho jioni ileile. Wiki haijaisha, majani yameungua kingo, na lawama anatupiwa aliyeuza mbegu.

Mboji ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza mpaka huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi kinyesi. Ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, inanukia kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Kisichofika hapo bado si mboji.

Samadi ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Kwao ni mbolea kwa jumla, sisi tukalibana likabaki kinyesi cha mifugo. Mbolea ndilo jina la jumla linalobeba zote, pamoja na ile ya dukani tunayoiita ya chumvichumvi. Lakini jina linaloeleza kazi yenyewe ni vunde, ambalo ni jina jingine la mboji. Vunde inatokana na kuvunda, na humohumo ndimo kulimotoka kuvundika. Nani pwani asiyejua kuvundika ndizi? Unazifunika, zinapata joto, unazihesabia siku. Hakuna anayezifukua siku ya pili akazitembeza kuwa mbivu. Samadi nayo huvundikwa, na siku zake ni nyingi zaidi.

Ikiwa mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia inayounguza mizizi michanga. Huja pia na mbegu za magugu na vimelea vya maradhi ya tumbo. Dawa ya yote hayo ni joto la rundo. Lijenge upana wa mita 1.5 na kimo hichohicho: majani makavu sentimita 20, samadi sentimita 10, tena majani, tena samadi. Nyunyizia maji kila tabaka, mpaka ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu. Chomeka fimbo hadi katikati. Baada ya siku tano ichomoe na kuishika: ikiwa baridi, rundo ni kavu mno au samadi haikutosha. Rundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 ndani. Ligeuze kila wiki mbili au tatu, ya nje yaende ndani, na kwa kawaida mwezi wa tatu huwa tayari.

Kichanga chetu kinahitaji mboji kwa sababu hakina pa kushikia kitu. Urea ukiiweka, masika yanaishusha chini ya mizizi. Mboji ndiyo inayoshika maji na chakula cha mmea. Weka ndoo mbili na nusu za lita 20 kwa kila mita ya mraba, yaani unene wa sentimita 5, uchanganye na sentimita 20 za juu. Hata nyanya kuoza kitako hupungua. Ile si ukungu: ni kalisi (kalsiamu) kutofika kwenye tunda kwa sababu maji leo yapo, kesho hayapo.

Majivu yasimwagwe ovyo. Penye udongo wa mawe ya matumbawe tayari pana chokaa ya kutosha, na ukizidisha, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kukosa chuma. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi zake, yana chumvi, hivyo yaachwe yaoshwe na mvua kwanza. Mabaki ya mkonge yapo tele Tanga, kwani katani, yaani nyuzi zake, haifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Yanafaa sana, ila nayo hupitia rundoni.

Kwa hiyo ukiambiwa kiroba hiki ni mboji, ingiza mkono mpaka katikati. Ukikuta joto, au harufu inayochoma pua, au mabua bado mazima, mwambie muuzaji kwa upole: "Ndugu yangu, hii ni samadi." Inunue kwa bei ya samadi, kisha nenda ukaivundike.